Bonde la Fikirte

Siku injera ya dukani, ule mkate mwembamba mpana kama sinia, ilipoingia nyumbani kwa Bi Zenebech, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa fundo, ua mzima wa pale mtaani Gulele ulijua kabla ya jua kuzama. Katika ua ule mwanamke anaweza kuishiwa sukari, akaishiwa mafuta, akaishiwa hata na mume, na bado akasalimiwa vizuri. Lakini kununua injera na hali mikono unayo na pipa la kuumulia unga unalo, hilo ni jambo la kusemwa, na likasemwa. Bi Zenebech aliutua mfuko mezani, akafungua fundo, akaenda kukaa kitandani mbali nao.

"Mama, pipa limepasuka?" aliuliza mwanawe, Worku, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anarudi kutoka ofisi ya maji anakofanya kazi.

"Pipa zima. Liko nje, nimelifudikiza."

"Na unga?"

"Muulize mkeo pua yake inaendeleaje."

Worku akamtazama mkewe. Fikirte akaitazama ile injera, nyembamba, yenye vitundu vichache, akamega kipande akala. Haikuwa na ladha, na hakuthubutu kusema.

Kisa chenyewe kilikuwa kidogo, kama visa vingi vinavyovunja nyumba. Fikirte alikuwa akisomea udaktari wa fizikia chuo kikuu, na siku moja kabla ya hapo alikaa kwenye mkutano wa wanafunzi na maprofesa, mtandio wake mweupe mabegani, nje mvua inanyesha. Mwenzake mmoja aitwaye Natnael aliinuka akafungua dirisha, akasema kuna mtu amekuja na pipa lake. Watu wakacheka. Fikirte naye akacheka, maana asiyecheka ndiye mwenyewe, kisha akauinua ukingo wa mtandio mpaka puani kwa siri. Ulikuwa unanuka rojo la unga wa tefu, lile linalokaa pipani likichachuka mpaka liwe tayari kuokwa injera. Kicheko kile alikibeba mpaka nyumbani kikiwa kinamwasha, na alipomkuta mama mkwe ameinama juu ya pipa, akakitema chote. Alisema harufu ya rojo lako, Mama, inanifuata mpaka chuoni, watu wazima wanafungua madirisha. Ulimi hauna mfupa. Bi Zenebech alifunika pipa, akanawa mikono, na kesho yake ikaja injera ya mfuko.

Mvua zikaisha, sikukuu ya Msalaba ikapita, maua ya njano yakanyauka milimani, na nyumba ile ilikuwa bado inakula ya mfuko. Mama na mke wa mwanawe walisemezana kwa adabu kubwa, adabu ile inayochosha kuliko ugomvi.

* * *

Kazi ya Fikirte ilikuwa kupaka rangi kwenye vioo. Ndivyo Bi Zenebech alivyowaeleza majirani, na kwa kweli hakukosea sana. Fikirte aliyeyusha unga wa plastiki ya namna yake, plastiki inayopitisha umeme, ambayo chembe zake zimeshikana mkono kwa mkono katika minyororo mirefu. Akadondosha tone lake juu ya kipande cha kioo, akakizungusha kioo kwa kasi, na tone likatandaa likawa utando wa buluu, mwembamba kuliko utando unaoganda juu ya maziwa yaliyochemka, mwembamba hata usingeweza kuushika.

Kisha aliupitisha utando ule mbele ya leza. Kipande cha kioo husogea polepole juu ya reli, kikafika pale mwanga ulipobanwa ukawa nukta kali, kikatoka upande wa pili, na kompyuta huchora mstari wa mwanga uliopenya. Vitu vingi ni watiifu: ukiongeza mwanga mara mbili, unapenya mara mbili, na mstari unakwenda umenyooka. Utando wa Fikirte haukuwa mtiifu. Mwanga hafifu uliupitisha vizuri, lakini ulipofika kwenye nukta, mwanga ulipokuwa mkali wa kupofusha, utando ulijifunga, ukauzuia. Mstari ukazama ghafla ukafanya bonde. Kitu kama hicho mtu angeweza kukitia kwenye miwani, kikayalinda macho ya wanaofanya kazi na leza. Bonde lilikuwa refu kuliko lolote Profesa Gebeyehu, msimamizi wake, alilowahi kuliona, na mzee yule alilipa jina: bonde la Fikirte.

Hilo lilikuwa wakati wa mvua. Sasa zilikuwa zimebaki siku chache atoe utetezi wa kazi yake, na mtahini wa nje, Profesa Ekvall kutoka Uswidi, alikuwa ameandika kwa upole akisema bonde lile ni refu mno, na kwa hiyo angependa kuliona likichorwa mbele yake, kwenye utando mpya. Ule wa zamani usingefaa hata wangetaka. Leza ilikuwa imeuchoma ukabaki kipande.

Fikirte akatengeneza tando mpya, na bonde halikuja. Akatengeneza tena. Mstari ulitikisika kidogo pale kwenye nukta, kama njia ya gari yenye shimo dogo, ukaendelea na safari yake.

"Umebadilisha nini?" aliuliza Profesa Gebeyehu. Alikuwa amesimama nyuma yake na mikono mifukoni.

"Sikubadilisha kitu, Profesa. Unga ni uleule, kioo kilekile, kasi ileile. Hata kuvihifadhi, nahifadhi palepale."

"Palepale wapi?"

"Kabatini, nyumbani kwangu. Dari ya hapa bado inavuja, na kule kuna giza na ukavu."

Profesa alikuwa mtu mwema, na mtu mwema akitaka kuuliza swali baya huwa anazunguka sana. Alizungumzia uchovu, akazungumzia wanafunzi wa zamani waliopenda matokeo yao kupita kiasi, akafika.

"Fikirte, zile namba za kwanza. Hukuzisogeza hata kidogo? Kwa nia njema?"

Natnael, aliyekuwa akisubiri zamu yake ya leza, aliinamia bisibisi iliyokuwa mkononi mwake. Fikirte akasema hapana, akalirudia, na mara ya pili sauti ilimtetemeka, ikawa kama ya mtu mwongo.

"Nakuamini," alisema Profesa. "Lakini mimi si mtahini. Sura yako ya tatu yote imesimama juu ya bonde. Bila bonde hakuna shahada, mwanangu. Bora ujue sasa."

* * *

Jioni hiyo Fikirte alikula akiwa amesimama, akatoka uani, akarudi, akafungua kabati la jikoni, akalifunga. Worku akamwambia akae. Akakaa, mguu mmoja ukawa unatikisika peke yake chini ya meza mpaka vikombe vya kahawa vikalia. Worku alikuwa amevumilia miaka ya kuishi kwa mama yake katika vyumba viwili, akingoja mkewe awe mhadhiri wapewe nyumba ya chuo, na hakutaka kuuliza. Akauliza.

"Likikataa kabisa inakuwaje?"

"Inakuwa nimepaka rangi vioo miaka yote hii."

Bi Zenebech alikuwa akichambua dengu kwenye ungo. Alisikia yote, mkono ukasimama kidogo, ukaendelea.

Asubuhi Fikirte alikuwa maabara kabla mlinzi hajamaliza chai. Alitoa kijiboksi chenye sponji alimokiweka kile kipande kilichoungua, hakuwa amekifungua tangu siku kilipoungua, akakiweka dirishani kando ya tando mpya. Hapo ndipo alipoona jambo ambalo macho yake yalikuwa yameliona siku nyingi yakakataa kulisema. Tando mpya zilikuwa za buluu. Kile kipande kilikuwa kimeelekea kijani. Siku zote alijiambia ni taa, ni unene, ni kivuli.

Natnael akaja kuegemea dirisha. Alikuwa na haya kwa yale ya jana, na mwenye haya huongea sana. Alikichukua kijiboksi akakigeuzageuza, akakinusa.

"Fikirte, humu uliweka chakula?"

"Chakula gani?"

"Sponji inanuka kama jikoni kwa shangazi yangu. Nusa."

Akanusa. Sponji ilikuwa inanuka uchachu, ule ule uliokuwa kwenye mtandio siku ya dirisha, na Fikirte akakaa chini juu ya kreti la mitungi ya gesi. Plastiki ile ikikutana na asidi hugeuka kijani, hilo analijua kila mwanafunzi wa kwao. Kabati la jikoni lilikuwa palepale, ni kweli. Lakini wakati wa mvua, pipa la Bi Zenebech lilikuwa limesimama mguuni pa kabati lile, likipumua asidi yake hafifu usiku na mchana kupitia nyufa za mbao. Tando zake zilikuwa zimeinusa majuma mazima. Kisha yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, akalifukuza pipa.

Hakukimbilia nyumbani. Kwanza alijaribu kila njia ya kuepuka kwenda kumwomba mama mkwe. Asidi iliyokuwapo stoo ilikuwa kali. Mvuke wake uligeuza utando ukawa kijani cha majani mara moja, kisha ukaubambua kiooni kama ngozi ya mtu aliyeungua. Asidi hafifu ingeagizwa nje, na vitu vya nje hukaa forodhani mpaka vinasahaulika. Akanunua siki dukani, akafungia utando na kisosi cha siki kutwa nzima, akaupima. Bonde likatokea, lakini fupi, nusu ya lile, na ukingo wake mbovu. Rojo lina mambo mengi kuliko siki. Halina haraka, na huenda hiyo haraka ndiyo iliyoharibu. Rojo lenyewe huhitaji siku tatu kuchachuka, na leo ilikuwa Jumatano, utetezi Jumatatu.

* * *

Bi Zenebech alikuwa anakaanga kahawa. Fikirte hakungoja kikombe cha kwanza.

"Mama, naomba urudishe pipa."

Bi Zenebech aliendelea kutikisa kikaango. "Harufu imeacha kukufuata?"

"Nilikosea, Mama. Nilichekwa kule, nikaja kukutolea wewe."

"Ulichekwa kwa sababu yangu."

"Nilichekwa na wajinga. Na ile harufu ndiyo iliyotengeneza kazi yangu yote, nami sikujua." Akamweleza, upesi upesi, habari ya buluu na kijani, ya asidi na kabati na mvuke, na kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kusikika kama uongo wa mtu mwenye shida.

Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho. Aliinua kikaango, akaupitisha moshi wake mbele ya uso wa Fikirte kama ilivyo heshima kwa anayekunywa, na Fikirte akauvuta kwa mkono. Kisha mama akasema kwa sauti ya chini kwamba pipa si shida, unga upo, lakini ersho hana.

Ersho ni yale maji ya njano yanayopanda juu ya rojo lililochachuka. Ukitaka kuumua rojo jipya unatia ersho ya lile la zamani, na la zamani liliumuliwa kwa ersho ya lililotangulia, na hivyo hivyo kurudi nyuma mpaka kwa mabibi. Ya Bi Zenebech ilitoka kwa mama yake huko Bichena. Alikuja nayo mjini alipoolewa, kwenye chupa iliyozibwa kwa kitambaa, akaishika mapajani njia nzima.

"Uliipeleka wapi?" aliuliza Fikirte, na hali alikwisha kujua.

"Nilimwaga. Niliinama pale mtaroni nikaimwaga, nikaona inapotea na maji ya mvua. Nikajiambia kama inawaaibisha watoto, nimwekee nani?" Macho yalimjaa, akayapangusa kwa kiwiko kwa hasira, kana kwamba ni moshi. "Nililia kama mtoto. Wewe ulikuwa chuoni."

Fikirte alipiga magoti akamshika mama miguu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu siku ya harusi, na Bi Zenebech akamwambia ainuke, kahawa itaungua.

Walikunywa. Kwenye kikombe cha pili Bi Zenebech alisema yuko mtu mmoja uani aliyewahi kuchukua ersho kwake na akaendelea kuitunza. Hakutaja jina. Hakukuwa na haja. Alikuwa Bi Asnakech wa mlango wa bomba, na tangu Pasaka wawili wale hawakuwa wakisalimiana, kwa ajili ya maji machafu ya kufulia yaliyoelekezwa mlangoni pa Bi Zenebech. Sasa desturi ya Gulele, na ya kwingineko pia, ni kwamba asiye na ersho huenda kwa jirani na chupa yake mkononi, na hakuna anayemnyima, hata kama jana walitukanana. Lakini ni lazima uende na chupa. Asiyekuja na chupa hajaomba.

"Mama, nipe chupa nikachukue."

"Wewe atakupa ya kwake mwenyewe, ya ovyo. Yangu hakupi mpaka aione sura yangu imeomba." Bi Zenebech akajitanda mtandio. "Chupa shika wewe. Mwenye shida ni wewe."

Bi Asnakech aliwaona tangu mbali na akaamua kutowaona. Alianua nguo zote kwenye kamba, moja moja, akazikunja. Walisimama. Wanawake wawili waliokuwa bombani waliacha maji yamwagike, wakatazama. Ndipo Bi Asnakech akageuka.

"Mama Worku. Nilisikia siku hizi mnakula ya mfuko."

"Tunakula ya mfuko," alikubali Bi Zenebech.

"Ikoje?"

"Kama kula gazeti."

Mmoja wa wale wa bombani akacheka, akajiziba mdomo. Bi Asnakech naye midomo ilimchezacheza, lakini alikuwa hajamaliza. "Na huyu daktari wetu wa vioo, chupa ya nini?"

Fikirte aliinyosha chupa kwa mikono miwili. "Nina shida na ersho, mama. Tuliyokuwa nayo niliimwagisha mimi."

Neno lile halikutarajiwa. Bi Asnakech alimtazama Bi Zenebech, kwa muda mrefu, kama wanavyotazamana watu waliowahi kula sahani moja, kisha akachukua chupa, akaingia ndani. Alipotoka ilikuwa imejaa mpaka shingoni, njano, na povu lake. "Ni yako," alimwambia Bi Zenebech. "Sijaichanganya na ya mtu. Na kuhusu yale maji, mwanangu atachimba mfereji Jumamosi."

* * *

Pipa likarudi mguuni pa kabati. Unga ukakorogwa, ersho ikatiwa, na juu yake, nyuma ya mbao zenye nyufa, zikapangwa tando mpya za buluu. Kilichobaki kilikuwa kungoja, na katika nyumba ile hakuna aliyekijua kitendo hicho. Fikirte alifungua kabati mara nyingi hata Bi Zenebech akamwambia ataipoteza hewa yote, akakaa yeye mwenyewe mbele ya mlango wa kabati na ungo wake wa dengu kama askari. Worku alirudi kutoka kazini mapema bila sababu. Alhamisi hakuna kitu. Ijumaa rojo likaanza kuongea, vipovu vikipasuka chini ya kifuniko, na nyumba ikanuka ile harufu ambayo wote watatu waliivuta bila kusema. Jumamosi, nje kukisikika jembe la mtoto wa Bi Asnakech, Fikirte alisogeza utando mmoja kwenye mwanga wa mlango, na pembe yake ilikuwa imeanza kuelekea kijani.

Jumapili, watu wakiwa kanisani, Profesa Gebeyehu alikuja maabara na suti yake ya ibada akaiwasha leza mwenyewe. Kioo kikasogea kwenye reli. Mstari ukaenda, ukaenda, ukazama. Ulizama karibu kama ule wa mvua, na ukatoka upande wa pili safi. Mzee akaketi, na hapo ndipo Fikirte alipomweleza habari ya pipa yote bila kuficha.

Profesa alicheka mpaka akavua miwani. Halafu uso ukamgeuka wa kazi.

"Kesho sema mvuke wa asidi hafifu ya kikaboni. Sentensi moja, basi. Si uongo."

"Si uongo," alisema Fikirte.

"Jikoni usipataje. Wewe hujui vyumba vile vya wataalamu, mimi nimekaa humo. Wakicheka hawatakucheka wewe peke yako. Watatucheka sisi sote, na leza yetu ya msaada, na dari yetu inayovuja."

Fikirte aliona mzee ana haki. Sentensi ile aliikariri njiani kurudi nyumbani, akaikariri akila, ikamtoka vizuri.

* * *

Bi Zenebech alikuja kwenye utetezi akiwa amevaa nguo nyeupe ya sikukuu, ikiwa imefuliwa na kufukizwa ubani mpaka isiweze kunuka kitu kingine chochote. Alikaa mstari wa nyuma kabisa, karibu na mlango, Worku pembeni yake. Kila kitu kilisemwa kwa Kiingereza. Hakuelewa hata neno, akatazama mikono ya Fikirte na uso wa yule Mswidi, mrefu, mwenye mvi, aliyekaa mbele na kalamu.

Walikuwa wametoka maabara asubuhi hiyo. Bonde lilikuwa limechorwa mbele ya mgeni, mara tatu kwa ombi lake, na mara zote tatu likazama. Hilo lilikuwa limepita. Lakini Profesa Ekvall hakuwa mtu wa kuridhika na bonde tu. Alisema anashukuru kwa alichokiona, ila hakuelewa jambo moja: utando ulifanywaje uwe hivyo? Fikirte akatoa sentensi yake. Mvuke wa asidi hafifu ya kikaboni.

Asidi gani?

Mchanganyiko, alisema Fikirte.

Mchanganyiko wa nini, kwa kiasi gani, kutoka wapi? Mgeni hakuuliza kwa ubaya. Alisema tu kwamba mtu mwingine akitaka kufanya kazi hii upya, lazima aambiwe.

Profesa Gebeyehu alikuwa akitazama meza. Fikirte aliangalia juu ya vichwa vya watu mpaka mstari wa nyuma, akaiona ile nguo nyeupe. Alifikiria mtaro na maji ya njano yakienda na mvua. Akaona kwamba akinyamaza hapa, atakuwa ameimwaga mara ya pili, na safari hii kwa mkono wake.

Akasema. Alisema jikoni, alisema pipa, alisema kabati, na alipofika kwenye kitu chenyewe, Kiingereza hakikuwa na jina lake. Akalisema kama lilivyo.

"Ersho."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Kilianzia kwa wanafunzi wa dirishani, kikafika mbele, hata mhadhiri mmoja mzee akawa anajipangusa macho. Na kule nyuma Bi Zenebech, ambaye katika maneno yote ya asubuhi ile alikuwa amelisikia moja tu, akaliona limefuatwa na kicheko. Alijitanda mtandio mpaka kichwani.

"Twende," alimwambia Worku. "Nilijua. Nimejifukiza bure."

Alikwisha kuinuka na mkono wake uko kwenye kitasa. Fikirte alimwona. Profesa Ekvall, ambaye hakucheka kwa kuwa hakuelewa cha kuchekesha, alikuwa ameandika neno lile kwenye karatasi, herufi kwa herufi, akaigeuza amwulize Fikirte kama amepatia. Kisha akauliza swali. Fikirte aliuacha ubao, akapita katikati ya viti, akasimama nusu ya ukumbi, akasema kwa Kiamhara na watu wote wakisikia:

"Mama, usiende. Mgeni anauliza swali, na mimi sina ruhusa ya kulijibu."

Kicheko kikakatika. Bi Zenebech hakuachia kitasa. "Anataka nini kwangu?"

"Ersho yako. Anauliza kama anaweza kupata kidogo, aende kuijaribu kwao."

Watu waligeuka kwenye viti vyao. Bi Zenebech alimtazama Mswidi kuanzia viatu mpaka mvi, bila haraka, jinsi anavyotazamwa jirani mgeni wa uani. Mkono ukashuka kutoka kwenye kitasa.

"Ana shida nayo kweli?"

"Anayo, Mama."

"Basi hanyimwi mtu," alisema, akaketi, akaupanga mtandio wake mabegani. "Mwambie aje na chupa."